Pabu za vijijini Uingereza: unaagizaje chakula, na kwa saa ngapi?

Nzuguni B:
Wakuu, habari za jioni. Tupo wanne, tunatoka hapa Dodoma kwenda Shropshire wiki mbili za mwisho wa Oktoba, mafunzo ya ufugaji. Tumepangiwa nyumba kijijini na mwenyeji ametuandikia kuwa jioni nyingi tutakula pabu. Kijiji kina pabu moja, na maili mbili mbele kuna ya pili yenye mgahawa. Mmoja wetu hanywi pombe wala hali kitimoto, mwingine ana mzio wa karanga. Posho ni ya kuhesabu.

Mtu anakaa mezani asubiri mhudumu, au anafanyaje? Juu ya bili kunaongezwa kitu? Na hiyo rosti ya Jumapili inayosifiwa ni kitu gani hasa? Hatutaki kufika tukaambiwa jiko limefungwa.

Bahi Road:
Hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo. Toa kichwani picha ya nyama choma ya hapa, ambako saa nne usiku mbuzi bado yuko kwenye mkaa na chipsi zinakaangwa hadi wateja waishe. Pabu ya kijijini ni baa na jiko chini ya paa moja, na kila kimoja kina saa zake. Baa inaweza kuwa wazi toka saa sita mchana hadi saa tano usiku. Jiko linawaka mara mbili tu: kama saa sita hadi saa nane na nusu mchana, halafu saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na kwingine wanafunga mbili na nusu. Katikati hapo utauziwa kinywaji na pakiti ya krispi, basi.

Hiyo saa tatu ni ya oda ya mwisho, siyo ya kufika. Jiko la kijijini mara nyingi lina mpishi mmoja na msaidizi, na ikikaribia saa hiyo wameshaanza kusugua sahani za chuma na kufunika vyakula. Jumapili jioni majiko mengi hayapiki. Jumatatu pabu nyingi hazifungui kabisa, nyingine na Jumanne. Mkitua Jumapili, nunueni mkate na mayai mapema, maana maduka makubwa Jumapili yanaruhusiwa kisheria kufungua kwa muda wa saa sita tu, na mengi saa kumi jioni yanafunga.

Angalizo la saa: mnapoweka nafasi mtandaoni, saa moja usiku ni 19:00 au 7. Mtu akiwaza Kiswahili akabofya 1, amejiwekea meza ya saa saba mchana. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza wanarudisha saa nyuma kwa saa moja usiku wa kuamkia siku hiyo. Simu inajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi hapana.

Sasa kuagiza. Ukiingia, kama mlangoni hakuna wa kukupokea wala kibao cha kusubiri, tafuta meza isiyo na kikadi cha nafasi iliyokwishawekwa. Kaa, soma menyu, soma na ubao ukutani (vya siku hiyo viko pale), halafu tafuta namba ya meza. Iko kwenye kibao kidogo cha mbao, au kisahani cha shaba kilichopigiliwa pembeni. Mmoja wenu aende kaunta na oda ya watu wote na namba hiyo, alipe hapohapo, abebe vinywaji. Chakula kitaletwa. Kukaa mezani ukisubiri mhudumu aje, utasubiri hadi kengele ya kufunga.

Wengi wanakosea hapa: wanne wanakwenda kaunta mmojammoja, kila mtu na oda yake. Kila oda inaingia jikoni kama karatasi inayojitegemea, kwa hiyo wa kwanza anamaliza kula wakati wa nne hajaletewa hata uma. Kama mnagawana gharama, fungueni bili moja ya meza, mgawane wakati wa kulipa.

Kaunta hakuna foleni ya mstari lakini foleni ipo. Mhudumu anajua nani alitangulia, na akikosea, mteja mwenyewe anatakiwa aseme "huyu alikuwa mbele yangu". Simama ukutanishe naye macho. Ule mluzi wetu wa "psss", kugonga kaunta kwa sarafu au kupunga noti ndiyo njia ya uhakika ya kuhudumiwa mwisho.

Mama Ipagala:
Niongezee kwenye pesa. Bei ya kwenye menyu ni ya mwisho, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 imo ndani. Ukiagiza na kulipa kaunta hutarajiwi kuacha kitu. Pale mhudumu anapokuja mezani tangu mwanzo hadi bili, desturi ni kama asilimia 10. Migahawa mingine inaiweka yenyewe, mara nyingi 12.5, chini kabisa ya bili kwa maandishi madogo. Ikishawekwa usiongeze mara ya pili, na kama huduma ilikuwa mbovu unaweza kuomba iondolewe, maana ni ya hiari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi fedha hiyo yote bila kukata.

Kwa makadirio, sahani kuu ya pabu wekeni pauni 15 hadi 22, rosti ya Jumapili ni humo humo au juu kidogo, kitamutamu 7 au 8. Mchana mkate wenye nyama au jibini ndani, na chipsi kidogo pembeni, ni nafuu kuliko sahani ya jioni, na unashibisha. Kwa posho ya kuhesabu, kula kizito mchana. Baadhi ya pabu zinataka kadi tu. Mashine ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa shilingi, chagua pauni, kwa sababu ukichagua shilingi mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilishia.

Ile ya pili yenye mgahawa, pigeni simu kwanza. Tangu pabu ya The Eagle ya London ianze mwaka 1991 kupika kama mgahawa hasa, mtindo ulisambaa hadi vijijini, na baadhi zimefika mbali: Hand and Flowers ya Marlow ilikuwa pabu ya kwanza kupewa nyota mbili za Michelin (mwongozo unaotunuku migahawa bora), kwenye toleo la 2012. Kwa hiyo neno "pabu" kwenye kibao halikuambii bei. Soma menyu mtandaoni kabla hamjatembea maili mbili.

Nzuguni B:
Asanteni sana, shikamoo Mama Ipagala. Hilo la kuagiza pamoja lingetukuta. Rosti je?

Mama Ipagala:
Marahaba mwanangu. Kwanza jina lisikupoteze. Rosti yetu ni nyama au ndizi iliyolala kwenye nyanya na kitunguu. Yao ni pande zima la nyama lililookwa kwenye oveni, likapumzishwa, likakatwa vipande vyembamba. Sahani inakuja na vipande viwili vitatu vya nyama, viazi, karoti, kabichi au njegere, pudini ya Yorkshire, na mchuzi wa kahawia wanaouita gravi. Gravi ni ule urojo wa nyama uliobaki kwenye sinia la oveni, ukachanganywa na unga wa ngano kidogo na supu ya mifupa. Ikija kidogo, omba nyingine. Hakuna anayekushangaa.

Viazi ndivyo vinavyopima mpishi. Vinachemshwa kwanza, vinamwagwa maji, vinatikiswa ndani ya sufuria hadi kingo zichakae, kisha vinaingia kwenye mafuta ambayo tayari ni moto ndani ya oveni. Zile kingo zilizochakaa ndizo zinazokuwa ganda la kukwaruza jino. Kiazi laini kama cha futari kimekaa chini ya taa ya kupashia tangu asubuhi.

Pudini ya Yorkshire siyo tamu. Mayai, maziwa na unga vya ujazo sawa, chumvi, uji huo unamwagwa kwenye vikombe vya chuma vyenye mafuta yaliyochemka hadi kutoa moshi, oveni nyuzi 220, dakika 20 na kitu. Mvuke unaisukuma juu, kuta zinasimama, katikati panabonyea, na humo ndimo gravi inamokaa. Oveni ikifunguliwa kabla kuta hazijakauka inalala chini kama chapati. Zamani Yorkshire ililiwa kwanza, peke yake na gravi, ili watu wafike kwenye nyama wakiwa wameshashiba nusu. Akili ya mama mwenye watoto wengi hiyo.

Ng'ombe wanamleta akiwa mwekundu katikati. Huo siyo uzembe, ndivyo wanavyopenda. Usipopenda, omba kipande cha pembeni ya pande, ndicho kilichoiva zaidi. Sema wakati wa kuagiza, siyo sahani ikishafika, maana hawawezi kukirudisha kwenye oveni bila kukikausha. Ng'ombe huliwa na mchuzi mweupe wa mzizi mkali unaopanda puani. Aliyewahi kutafuna mzizi wa mlonge atautambua mara moja, anze na ncha ya kijiko. Kondoo huliwa na mchuzi wa mnanaa, nguruwe na wa tufaha.

Na inaisha kweli. Pande la ng'ombe la kilo 2 linahitaji kama dakika 20 kwa kila nusu kilo na 20 za ziada, halafu nusu saa ya kupumzika. Hiyo ni saa mbili na kidogo. Mpishi aliingiza idadi aliyoihesabu asubuhi, na ikifika saa tisa mchana nyama ikiwa imeisha hawezi kuanza nyingine. Wekeni nafasi siku tatu nne kabla, saa sita na nusu au saa saba. Mkiweka nafasi msipotokea bila taarifa, kuna wanaokata pesa kwenye kadi.

Kondoa Mjini:
Kwa huyo mwenzenu asiyekula kitimoto, kitimoto chenyewe si tatizo sana, kinaandikwa. Tatizo ni mafuta na pombe iliyojificha jikoni.

Soseji isiyotajwa mnyama ni ya nguruwe. "Gammon" ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi. "Black pudding" siyo pudini, ni damu. Yai la Kiskoti limevishwa nyama ya soseji kabla ya kukaangwa. Hivyo vyote ukivijua umevikwepa. Lakini viazi vya Jumapili mara nyingi vimeokwa kwa mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe, pudini ya Yorkshire vilevile, na ukoko wa pai unaweza kuwa umekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Samaki wa kukaanga, yule mwenye ganda nene, unga wake hukorogwa kwa bia ili upate mapovu na ukauke vizuri. Pai ya steki hupikwa kwa bia nyeusi. Michuzi ya uyoga na ya samaki hutiwa divai. Alama ya V kwenye menyu inamaanisha hakuna nyama, haimaanishi hakuna pombe. Na ng'ombe au kuku wa pabu ya kijijini, isipoandikwa halali, usidhanie.

Kinachobaki si kidogo. Samaki wa kuokwa au wa kubanikwa bila ganda la unga. Kiazi kikubwa kilichookwa na maganda yake, kikapasuliwa msalaba na kujazwa maharage, tuna au jibini. Sahani baridi ya mkulima: mkate, kipande kikubwa cha jibini, kachumbari yao ya kahawia yenye utamu na ukali, kitunguu cha siki, tufaha, hakikisha hawajaweka paja la nguruwe pembeni. Chipsi uliza zinakaangwa kwa mafuta gani, hasa upande wa kaskazini ambako mafuta ya ng'ombe bado yanatumika sana, na uliza kama soseji zinapita kwenye karai hilohilo. Kitamutamu cha tende chenye mchuzi wa sukari iliyoungua hakina pombe kwa kawaida.

Lisemwe wakati wa kuweka nafasi. Ukisema kaunta saa mbili usiku, samaki wote wanaweza kuwa wameshapakwa unga.

Wa karanga naye aseme neno mzio, asiseme "sipendi karanga". Sheria inawataka wajue na wakuambie kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14, na humo karanga zimetengwa na jamii ya korosho na lozi, ufuta nao umo. Watakuletea faili au watakwenda kumuuliza mpishi. Jibu la "nadhani haina" halitoshi, aombe aulizwe mpishi.

Jambo la mwisho, mbwa. Wanaingia ndani na kulala chini ya meza, na ni jambo la kawaida kabisa. Pabu zenye mgahawa mara nyingi zina upande wasioruhusiwa, omba meza huko.

Zabibu Hombolo:
Vinywaji kwa ufupi. Painti ni mililita 568, inaizidi ile chupa yetu ya mililita 500. Nusu painti ipo na hakuna anayecheka. Divai kwa glasi ni 125, 175 au 250, na hiyo ya 250 ni theluthi nzima ya chupa, wengi wanaagiza "kubwa" bila kujua. Maji ya bomba ni bure ukiomba, ni sharti la leseni.

Zile pampu ndefu za mkono kaunta ni za bia ya pipa. Usilalamike ni "ya moto". Inahifadhiwa chini ya ardhi kwenye nyuzi 11 hadi 13, kwa makusudi. Bado ina hamira hai, inamalizia kuchacha ndani ya pipa, kama pombe ya mtama ilivyo, na ikigandishwa ladha inakufa. Pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi. Baada ya hapo hewa inaigeuza, na dalili ni uchachu wa siki. Ikiwa hivyo, au ikawa na tope la chini ya pipa, irudishe kaunta kwa upole bila kuinywa nusu, watakubadilishia. Unaruhusiwa kuonja kidogo kabla ya kununua.

Mtego kwa asiyekunywa: saida. Ni ya matufaha, ina harufu ya juisi, lakini Uingereza saida ni pombe, mara nyingi asilimia 4 na kuendelea, na upande huo wa Shropshire na Herefordshire utaikuta kila kaunta. Aombe soda yenye limao, au bia ya tangawizi, ambayo licha ya jina kwa kawaida haina kilevi, ila asome chupa. Wakiwa kundi wananunua kwa raundi. Kama hamtaki mzunguko, semeni mapema kila mtu anajinunulia, kabla hamjapokea ya kwanza.

Na kama mnabeba divai ya Dodoma kumpelekea mwenyeji, mpeni nyumbani. Kufungua chupa yako ndani ya pabu hairuhusiwi bila ruhusa, na migahawa inayokubali inatoza pesa ya kufungulia.

Chamwino Stendi:
Mmesahau kurudi. Hakuna bodaboda. Basi la kijijini, kama lipo, la mwisho linaweza kupita kabla jiko halijafunguliwa jioni, na Jumapili mara nyingi halipo. Teksi ni za kampuni ndogo ya gari mbili tatu, unaiwekea nafasi ya kurudi kabla hujaondoka. Ukiipigia saa nne usiku Ijumaa utaambiwa saa sita.

Maili mbili ni kilomita 3.2, dakika 40 kwa mguu. Mwisho wa Oktoba, saa zikisharudishwa, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Barabara hizo ni nyembamba, ukuta wa miti pande zote, hazina taa wala njia ya miguu. Tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari, mstari mmoja, tochi na vizibao vya kung'aa. Mkipita njia za mashambani buti zitakuwa na tope, zivueni mlangoni. Mwenye gari asiguse pombe. Kiwango cha England ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini hakuna hesabu ya glasi inayokuhakikishia uko chini yake.

Nzuguni B:
Mmenisaidia mno. Nimepanga hivi: Jumatano saa moja usiku pabu ya kijijini, Jumapili saa saba mchana ile yenye mgahawa kwa rosti. Wanne. Nitaandika kabisa, mmoja samaki bila unga, mmoja mzio wa karanga. Kuna lililobaki?

Kondoa Mjini:
Jumapili. Majiko mengi siku hiyo yanaweka kando menyu ya kawaida, wanatoa rosti na chaguo moja la asiyekula nyama. Kwa hiyo uliza kama samaki yupo. Akiwa hayupo watampa mwenzenu hicho cha mboga, na mara nyingi ni mkate mzito wa kuoka uliotengenezwa kwa korosho na lozi zilizosagwa, huenda na karanga. Ukikatwa meza moja na mwenye mzio, chembe zinaruka na kijiko cha gravi kinazunguka sahani zote. Waulize chaguo lao limepikwa na nini kabla hamjathibitisha, na kama ni hicho, ombeni bakuli mbili za gravi.